Ngamia wa Vita na Inzi wa Lambwe

Leo siasa za kaunti tuziweke kando kidogo. Kijana mmoja wa boda pale Rongo ametutumia ujumbe baada ya kutazama ile filamu ya zamani ya Lawrence wa Arabuni. Ameona askari wamepanda ngamia, vilemba vinapepea, vumbi limetanda, na mji wa Aqaba umetekwa. Anauliza hivi: kama Mwingereza alikuwa na askari wa ngamia kule Arabuni, na ni Mwingereza huyo huyo aliyekuwa akitutawala huku, mbona Mjerumani alipovuka mpaka mwaka 1914 akaingia Karungu, hao ngamia hawakuletwa wamfukuze?

Kijana, umeuliza vizuri kuliko unavyodhani. Jibu fupi ni inzi. Lakini jibu fupi halijazi kipindi, kwa hiyo nipe muda.

Kwanza tuivue hiyo filamu mapambo yake. Aqaba ilitekwa tarehe 6 Julai 1917, hilo ni kweli. Siku nne kabla, mahali panapoitwa Aba el Lissan, Lawrence na Waarabu waliokuwa naye waliwavamia Waturuki wakiwa juu ya ngamia. Lawrence alikuwa mbele, anafyatua bastola huku mnyama anakimbia. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kilichotokea: risasi yake mwenyewe ilimpiga ngamia wake kichwani. Mnyama akaanguka kifudifudi, bwana mkubwa akarushwa hewani, akalala pale chini hana habari na dunia. Alipozinduka vita vilikuwa vimekwisha, na ushindi ulikuwa umepatikana bila yeye.

Nasimulia kisa hicho si kwa kumcheka marehemu. Kinaeleza jambo ambalo picha huficha. Ngamia ni mnyama mbaya wa kupigania ukiwa juu yake. Akitembea huinua miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, halafu ya upande wa pili, kwa hiyo mwili wote unayumba kama mashua na shabaha haitulii. Mpandaji ameketi juu sana, adui anamwona kutoka mbali. Akitaka kusimama huinua miguu ya nyuma kwanza, na asiyezoea hujikuta anaelekea shingoni kwa mnyama. Kabla hajajishika vizuri ya mbele inanyanyuka, anarudishwa nyuma kwa kishindo. Hebu fikiria kufanya hayo huku unapigwa risasi.

Kwa hiyo majeshi yaliyomjua ngamia hayakupigana juu yake. Yalimtumia kama wewe kijana unavyotumiwa na abiria wako: nifikishe, nishuke, nikafanye kazi yangu. Walipokaribia adui, askari waliwapigisha ngamia magoti, wakaufunga mguu wa mbele kwa kamba ukiwa umekunjwa ili mnyama asiweze kusimama, wakaacha wachache wa kuwalinda, wengine wakaenda mbele kwa miguu na bunduki zao. Kilichowafaa hakikuwa mbio. Ni kwamba ngamia aliwafikisha mahali ambapo farasi angekufa njiani. Kwenye joto kali anaweza kukaa siku nyingi bila kunywa, na akifika kisimani anaweza kunywa lita zipatazo 100 kwa muda mfupi mno. Anakula miiba ambayo ng'ombe wetu hawezi hata kuikaribia. Huhitaji kumbebea chakula. Katika nchi kavu, jeshi lenye ngamia ndilo linaloamua vita vitapiganiwa kisima gani.

Wasikilizaji wetu wa Gendia na kanisani kwa jumla, ambao Biblia mnaijua kuliko mimi, mtakumbuka Wamidiani katika kitabu cha Waamuzi, walivyokuja na ngamia wasiohesabika, wakavuna wasichopanda, wakaondoka. Na katika Samweli wa kwanza, Daudi alipowafuata Waamaleki waliochoma Siklagi, aliwapiga wote isipokuwa vijana mia nne. Hao waliponaje? Walipanda ngamia wakatoroka. Mwandishi wa zamani hizo alijua hasa ngamia anafaa kwa nini: kuja ghafla kutoka jangwani na kurudi jangwani kabla hujajipanga.

Na ndugu zetu Waislamu wa Kendu Bay, pale kwenye msikiti wa Tawakal, hawahitaji kufundishwa habari ya Vita vya Ngamia, mwaka 656 karibu na Basra, kati ya jeshi la Ali bin Abi Talib na upande aliokuwa Bi Aisha. Pale ngamia hakuwa chombo cha kushambulia kabisa. Alikuwa amembeba Bi Aisha ndani ya kipando chake, na watu walipigana kumzunguka kama watu wanavyozunguka bendera. Wengi walikufa wakishika hatamu yake. Ngamia alipokatwa miguu na kuanguka, mapigano yakaisha.

Basi tuje karibu na nyumbani, maana Afrika Mashariki ina historia yake ya askari wa ngamia, na sehemu yake kubwa iko Somalia.

Tangu mwaka 1899 Sayyid Mohamed Abdullah Hassan aliwapiga Waingereza vita kule Somaliland kwa miaka ishirini na ushee. Wapiganaji wake, waliojulikana kama madarwishi, walikwenda kwa farasi, kwa ngamia na kwa miguu, na nchi ilikuwa yao. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, walipelekwa huko kutoka Nyasaland, Uganda na Kenya ya leo, na tarehe 17 Aprili 1903 pale Gumburu kikosi kizima kiliangamizwa pamoja na kamanda wake, Plunkett. Mwaka 1910 Waingereza walichoka, wakarudi pwani, wakaiacha bara ijitunze. Ilijitunza kwa kuuana. Ndipo mwaka 1912 wakaunda polisi wa ngamia, askari wapatao 150, Wasomali watupu chini ya maofisa wachache Waingereza, kamanda wao akiitwa Richard Corfield.

Corfield alikuwa ameamriwa waziwazi asipigane na madarwishi. Kazi yake ilikuwa kulinda njia za kwenda Berbera. Tarehe 9 Agosti 1913, mahali panapoitwa Dul Madoba, aliivunja amri hiyo. Alikuwa na askari wake wapatao 110 na watu wa kabila la Dolbahanta mia tatu hivi waliotaka kurudishiwa mifugo yao iliyoporwa. Mbele yao madarwishi walikuwa maelfu. Askari wakashuka kwenye ngamia, wakajipanga vichakani. Wale Dolbahanta wengi wao wakatawanyika mapema. Bunduki ya Maxim, ile waliyoitegemea kuliko kitu kingine chochote, ikaharibika mwanzo mwanzo. Corfield akapigwa risasi ya kichwa, akafa. Waliobaki wakajikinga nyuma ya mizoga ya wanyama wao wenyewe, wakafyatua kutoka hapo kwa saa kadhaa, mpaka madarwishi nao walipoishiwa wakaondoka. Karibu nusu ya kikosi walikuwa wamekufa au wamejeruhiwa.

Sayyid alikuwa mshairi mkubwa kama alivyokuwa mpiganaji, na kifo cha Corfield alikitungia shairi ambalo Wasomali wanalijua hadi leo. Kwa hiyo ofisa huyo ana kumbukumbu mbili, ya upande wake na ya adui yake. Askari wake Wasomali waliolala pale nyuma ya ngamia waliokufa, sijui ni wangapi kati ya wasikilizaji wamewahi kusikia hata jina la mmoja.

Kuna mtu hapo ambaye Mkenya anapaswa kumtambua. Ofisa aliyekimbia usiku na askari wachache kwenda kuwaokoa walionusurika aliitwa Geoffrey Archer. Kabla ya hapo alikuwa mtawala kaskazini mwa Kenya, na ukipita barabara ya kwenda Marsabit utaupata mji uliobeba jina lake, Archer's Post. Baadaye akawa Gavana wa Uganda. Ufalme ule ulikuwa mpana lakini watu wake walikuwa wale wale, wanazungushwa.

Mwaka 1914 polisi wale wakageuzwa jeshi kamili, Somaliland Camel Corps. Na mwaka 1920 ndipo Sayyid aliposhindwa, lakini sikiliza alivyoshindwa: ndege 12 zililetwa kwa meli, zikaunganishwa pale Berbera, na kuanzia mwezi Januari zikamwaga mabomu juu ya ngome zake. Askari wa ngamia walifuata chini, wakimfukuza aliyekimbia. Miaka ishirini ya vita ikamalizwa kwa wiki chache. Sayyid alifia Ogaden mwezi Desemba mwaka huo huo, kwa homa ya mafua, si kwa risasi. Kwa maoni yangu hapo ndipo enzi ya ngamia wa vita ilipofika mwisho katika pande hizi, ingawa vikosi vyenyewe viliendelea kulipwa mishahara kwa miaka mingine zaidi ya ishirini.

Ushahidi wangu ni Agosti 1940. Waitaliano waliivamia Somaliland, na Camel Corps ikapangwa kuwazuia kwenye njia ya milimani ya Tug Argan. Kapteni Eric Wilson, aliyewahi kutumikia Keya ya Nyasaland, alikaa na bunduki za rashasha kwenye vilima vile kuanzia tarehe 11 hadi tarehe 15, ana malaria, amejeruhiwa bega na jicho, miwani imevunjika. Sajenti wake Msomali, Omar Kujoog, aliuawa kando yake. Wilson naye akadhaniwa amekufa, akapewa nishani kubwa kuliko zote za Uingereza kama marehemu, kumbe yuko hai kwenye kambi ya wafungwa kule Eritrea. Hivyo vita vilivyompa sifa kubwa ofisa wa kikosi cha ngamia vilipiganwa nyuma ya mawe, juu ya kilima, bila ngamia. Mwaka 1944 askari wa kikosi hicho waliasi, na kikavunjwa.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa Rongo. Je, huku Kenya hakukuwa na askari wa ngamia? Walikuwapo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, Keya yote ya Afrika Mashariki ilikuwa na watu wapatao 2,300 tu. Batalioni ya tatu, iliyokuwa ya nchi yetu, ilikuwa na kampuni sita, na mojawapo ilikuwa kampuni ya ngamia, kwa kazi ya Jubaland na kaskazini. Hata baadaye, wale askari wa utawala wa kaskazini waliovaa vilemba vyekundu, Dubas, walifanya doria zao kwa msaada wa ngamia waliobeba maji na posho. Msomali na Mrendille kwa kawaida hampandi ngamia wake. Humbebesha nyumba, maji na watoto, yeye akatembea mbele ameshika kamba. Kumpandisha ngamia askari mwenye bunduki lilikuwa wazo la serikali zaidi kuliko la wafugaji.

Kwa hiyo ngamia wa jeshi walikuwapo nchini. Kati yao na Karungu palikuwa na mbung'o.

Wewe wa Lambwe huhitaji maelezo. Wazee wako walihama bonde lile kwa sababu ya mbung'o, ng'ombe wakifa kwa nagana na watu wakifa kwa malale. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale yaliua watu zaidi ya laki mbili upande wa Uganda peke yake kando ya ziwa hili, na visiwa na fukwe za upande wetu havikusalimika. Vijidudu vinavyobebwa na mbung'o humuua ngamia kama vinavyomuua farasi. Na ngamia ana adui mwingine wa ukoo huo huo wa vijidudu, ugonjwa unaoitwa surra, ambao daktari wa mifugo Griffith Evans aliugundua huko Punjab mwaka 1880. Huo husambazwa na mainzi makubwa yanayouma, bila hata mbung'o kuhusika. Ndiyo maana wafugaji wa kaskazini wakati wa mvua huwaondoa ngamia wao kando ya mito yenye vichaka. Umlete ngamia kwenye vichaka vya Lambwe, au umvushe mto Kuja na mto Migori wakati wa masika, unamzika.

Mjerumani naye alilijua hilo. Kule Namibia, alipopigana na watu wa Simon Kopper jangwani Kalahari, aliagiza ngamia wapatao 2,000 kupitia mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, Carl Hagenbeck, na mwezi Machi 1908 Kapteni von Erckert aliongoza mamia ya askari wa ngamia mle jangwani, akauawa katika shambulio hilo. Serikali hiyo hiyo ya Kijerumani, miaka sita baadaye, ilipokusanya askari wake Mwanza na Shirati ili wavuke mpaka waje kwetu, haikuwa na kikosi cha namna hiyo. Walikuja kwa miguu, na kwa meli ndogo ziwani.

Walifika Karungu mapema mwezi Septemba 1914, wakaendelea hadi Kisii. Waingereza walileta askari wa Keya kutoka Kisumu kwa meli na kwa miguu, na tarehe 12 Septemba wakapigana pale vilimani siku nzima. Mpaka jioni pande zote mbili zilikuwa zimeumia, kila mmoja akarudi nyuma akidhani mwenzake ameshinda. Siku tatu baadaye meli ya Winifred ilijaribu kushusha askari Karungu, ikapigwa mizinga na kijimeli cha Kijerumani kilichoitwa Muansa, ikageuza. Ikabidi irudi tena na mwenzake, Kavirondo. Wazungu walipoziacha ofisi zao Kisii, wenyeji waliziingia, wakachukua walichoona ni chao. Adhabu iliyofuata ilikuwa nyumba kuchomwa na ng'ombe kuswagwa. Mgusii wa kawaida hakuwa amemtangazia mtu yeyote vita.

Msikilizaji, hapa ndipo swali la ngamia linapogeuka kuwa swali la watu. Jeshi ni lazima lile. Risasi, unga, dawa, mahema, mizinga, vyote vinahitaji mgongo wa kuvibeba. Pale penye jangwa mgongo ni wa ngamia. Ngamia mmoja wa mizigo hubeba kilo 150 hivi na kujitafutia chakula. Waingereza walijaribu farasi, nyumbu, punda na maksai katika vita vya Tanganyika, na mwaka 1916 peke yake mbung'o waliwaua kwa makumi ya maelfu. Barabara zilinuka mizoga. Magari yalikuwa machache na mvua ikaja. Basi mzigo ukawekwa juu ya kichwa cha mtu.

Tupige hesabu pamoja. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi. Chakula chake cha siku ni kama kilo moja. Mpeleke mwendo wa siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi: karibu mzigo wote aliobeba, kama ni unga, ameula yeye mwenyewe, na askari aliye mbele amepata kilo moja tu. Ili askari mmoja apate kula, unahitaji wapagazi kadhaa, na wapagazi hao wanahitaji wapagazi wao. Ndiyo sababu idadi iliyotakiwa ilikuwa ya kutisha, na ndiyo sababu machifu walitumwa vijijini.

Nyanza ilitoa wengi kuliko mkoa mwingine wowote wa nchi hii. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wetu pale Kisumu, aliteuliwa mwaka 1917 kusimamia ukusanyaji wa vibarua wa jeshi, na mwaka huo vijana wakasombwa kwa wingi ambao haujawahi kuonekana. Walitoka Karachuonyo, Kanyada, Gwassi, Kadem, Suna, Bukuria. Wakapelekwa nchi za joto na nchi za baridi, na unga usiosagwa vizuri wala kuiva vizuri, tumbo likawaua kuliko risasi. Kwa hesabu za serikali yenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Mwingereza walikufa. Wanahistoria waliozikagua hesabu hizo, akiwemo Geoffrey Hodges aliyeandika kitabu kizima juu ya Kariako, yaani kikosi cha wapagazi hao, wanaona idadi halisi inakaribia laki moja.

Linganisha na askari wa ngamia wa Mwingereza kule Mashariki ya Kati. Mwaka 1916 Waingereza waliunda Misri kikosi kikubwa, Imperial Camel Corps, cha Waaustralia, Waingereza na watu wa New Zealand. Kilipigana Sinai na Palestina, kikavunjwa vita vilipokwisha. Mwaka 1921 kikajengewa sanamu London, kwenye bustani za kando ya mto Thames: ngamia wa shaba na askari juu yake. Chini yake yameandikwa majina ya waliokufa, mmoja mmoja. Mahali pazuri, na sina kinyongo nao. Walikufa kweli na mama zao walilia.

Halafu nenda Nairobi, Kenyatta Avenue, au Mombasa pale Mwembe Tayari. Utakuta sanamu za askari wetu na mpagazi wetu za miaka hiyo hiyo ya 1920. Zimefanywa vizuri, na maneno yameandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Majina hakuna. Hakuna hata moja. Ilikuwa ni uamuzi, haikuwa bahati mbaya. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti mwezi Aprili 2021 na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba mawazo ya ubaguzi ya wakati huo yalichangia. Waliomba radhi.

Mambo mengine yamesonga. Ngamia wa vita leo utamwona zaidi kwenye gwaride, kama lile la India kila tarehe 26 Januari ambapo walinzi wa mpaka hupita na ngamia waliopambwa. Sudan, wale Janjaweed waliochoma vijiji vya Darfur kuanzia mwaka 2003 walikwenda kwa farasi na ngamia. Waliotoka kwao, wale wanamgambo wa RSF, tangu Aprili 2023 wanapigana kwa magari ya pikapu na droni. Kwetu huku, mbung'o anapungua. Mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi imefanya kazi kubwa Lambwe, na wataalamu wa ICIPE, taasisi aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo na yenye kituo chake Mbita, wamechangia sana. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma Kenya. Kwa hiyo, kijana wa Rongo, labda siku moja utamwona ngamia akipita mbuga ya Ruma kule Lambwe akiwa mzima. Sitashangaa. Nchi hii ina ngamia zaidi ya milioni 4 kwa sensa ya 2019, na soko la maziwa yake linashuka kusini.

Kabla sijaondoka nina ombi. Kuna maboma hapa Migori na Homa Bay ambayo bado yana kipande cha babu wa babu, kisahani cha chuma chenye namba, nishani iliyofungwa kwenye kitambaa, au mzee anayeweza kutaja kwa jina ni nani alichukuliwa akaenda vita vya Mjerumani na hakurudi. Usiuze nishani hiyo kwa wanaonunua vyuma. Keti na mzee, andika jina kamili, ukoo, kijiji, chifu aliyemchukua, na mwaka kama unajulikana. Piga picha kila kilicho na maandishi. Kisha peleka nakala kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa Nairobi, au itume kwa Tume ya Makaburi ya Vita, ambayo sasa inasema inayatafuta majina hayo. Ukishindwa njia, tuandikie hapa redioni, tutakusaidia kuifikisha.